Tumealikwa kambi ya familia Lushoto, lakini ndoa yetu si ya kanisani

Shikamoo Mama,

Naomba usitaje jina langu wala parokia yetu. Jumuiya yetu ni ndogo, watu wataunganisha haraka.

Parokia imeandaa kambi ya familia likizo hii ya Juni, siku tano kwenye nyumba ya mafungo ya masista huko Lushoto, milimani. Basi litaondoka Dar alfajiri, lipite Chalinze, Segera na Korogwe, likifika Mombo lianze kupanda ile barabara ya kona kupitia Soni. Binti yangu yuko darasa la nne. Ratiba yote ameikariri, maana kila Jumamosi kwenye Utoto Mtakatifu, kikundi cha watoto parokiani, hawana habari nyingine: kutembea hadi Irente kuangalia uwanda wa Mazinde kule chini, michezo, kuota moto usiku, kuwasaidia masista kukamua ng'ombe. Mdogo wake kila siku ananiuliza kama kweli huko mtu akiongea asubuhi moshi unamtoka mdomoni.

Tatizo ni ndoa yetu. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa bomani, ni zaidi ya miaka kumi sasa. Kabla yangu alikuwa na ndoa ya kanisani, mkoani kwao, akiwa kijana mdogo. Anasema familia mbili zilisukuma kwa sababu binti alikuwa mjamzito. Waliishi pamoja muda mfupi, kila mtu akaenda zake. Kuna mtoto mmoja, sasa ni kijana mkubwa, na mume wangu ndiye anayemsomesha. Mimi nilimkuta wameshaachana. Karatasi za bomani alizishughulikia yeye, mimi nilikwenda siku ya kusaini. Kwetu walipokea mahari, wakatubariki, maisha yakaendelea.

Kanisani tunakwenda kila Jumapili, ila hatupokei Komunyo. Parokia ni kubwa, misa ya pili watu hujaa mpaka nje, basi wakati wa kupokea mimi natoka na mdogo kwenda chooni, mume wangu anabaki chini ya turubai na wanaume wenzake. Hakuna anayeangalia. Mume wangu ni mweka hazina wa jumuiya, mimi nipo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, nyumbani kwetu sala za jumuiya zimefanyika mara nyingi. Hatujawahi kuulizwa, nasi hatujawahi kusema.

Sasa kule kambini tutakuwa familia ishirini hivi, kikanisa kidogo, misa kila siku. Usiku wa mwisho wanandoa wote watasimama mbele na mishumaa, watoto wao wakiwaona, warudie ahadi za ndoa. Juu ya hayo mwenyekiti wetu amenipigia simu kuniomba mimi na mume wangu tuwe kati ya wanandoa watakaotoa ushuhuda wa maisha yao. Niliitikia "sawa, tutaona", nikakata simu mikono inatetemeka.

Mume wangu anasema, "Twende, tupokee kama wengine, Mungu anajua mioyo yetu." Nikimwambia twende kwa paroko tukaulize habari za mahakama ya Kanisa, ile inayochunguza kama ndoa yake ya kwanza ilikuwa halali, anafunga mazungumzo. Hataki yule mwanamke aitwe kuhojiwa. Hataki mtoto wake mkubwa aje aambiwe kwamba alizaliwa kwenye ndoa ya uongo. Safari ya mwisho nilipolitaja aliinuka akaenda kulala sebuleni.

Mama yangu mzazi anasema tusiende, nitajiaibisha bure, niwapeleke watoto kwake. Dada yangu anasema niende, nikae kimya, usiku wa mwisho niseme naumwa kichwa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Binti yangu ameanza mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Juzi tunakunja nguo akaniuliza, "Mama, mbona wewe na baba hampokei?" Nikamwambia aende akamwangalie mdogo wake. Alisimama kidogo, akaenda. Tangu siku ile hajauliza tena, na hilo linaniuma kuliko swali lenyewe.

Mchango wa kambi unatakiwa mwisho wa mwezi. Mama, twende au tusiende? Na tukienda, tusimame au tukae?

Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Kutoka nje ya kanisa kila Jumapili kwa kisingizio cha mtoto, kwa miaka yote hiyo, kunachosha.

Umeniuliza juu ya kambi ya siku tano. Lakini barua yako kwa sehemu kubwa inahusu mume anayeinuka katikati ya mazungumzo na mtoto aliyeacha kuuliza. Kambi imekuja kuyagusa yote mawili kwa wakati mmoja, mbele za watu, tena penye baridi na nafasi ndogo ambako huwezi kutoka kwenda chini ya turubai. Ndiyo maana mchango wa basi umekuwa mzito kuliko fedha yake.

Nianze na jambo ambalo naona umelichukua kuwa ni hakika. Unaandika kana kwamba mko ndani ya Kanisa kwa kujificha na siku mkijulikana mtatolewa. Kanisa lenyewe halisemi hivyo. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Familiaris Consortio, aliwataka wachungaji wawasaidie watu walioachana na kuingia katika ndoa nyingine wasijione wametengwa. Aliwahimiza waje misa, wadumu katika sala, wawalee watoto wao katika imani. Mwaka 2016 hayati Papa Francisko alirudia jambo hilo kwa uzito zaidi katika waraka wake Amoris Laetitia, kwamba watu hawa si waliotengwa na Kanisa, ni viungo hai vyake. Kwa hiyo nafasi yenu kwenye basi la kambi ya familia hamjaiiba kwa mtu. Ninyi ni familia na ninyi ni waumini. Hilo peke yake halijibu swali la Komunyo wala la mishumaa, lakini linabadilisha mahali unaposimama unapouliza.

Kuhusu Komunyo, mume wako amesema neno la kweli, kwamba Mungu anajua mioyo. Ninachojiuliza ni kama neno hilo analitumia kufungua mlango au kuufunga. Waraka wa 1981 uliweka kawaida kwamba walio katika hali yenu hawapokei, isipokuwa wakiazimia kuishi kama kaka na dada, yaani bila tendo la ndoa. Ule wa 2016 ulisisitiza kuwasindikiza watu na kupambanua hali ya kila mmoja, na tangu hapo maaskofu wa nchi mbalimbali wameupokea kwa namna zinazotofautiana. Kwa vyovyote, safari hiyo watu huifanya wakiwa na padre anayewafahamu, kwa muda. Mkiamua wenyewe mkiwa njiani Mombo, naona hatari hii: binti yenu aliyezoea kuwaona mmekaa atawaona mmesimama siku ambayo watu wote wanawatazama, na atajifunza kitu ambacho hamkukusudia kumfundisha.

Ahadi za ndoa ni jambo jingine kabisa, usilichanganye na kwenda au kutokwenda. Anayerudia ahadi anarudia alichokwisha kutoa mbele ya altare. Kwa macho ya Kanisa mume wako aliitoa kwa mwanamke mwingine, na mpaka sasa hakuna aliyechunguza kama ilikuwa ahadi kamili au la. Ndiyo maana mikono yako ilitetemeka uliposhika simu, nami nadhani inafaa kuisikiliza. Ushuhuda mnaweza kuuacha bila kudanganya. "Tunashukuru kwa heshima hiyo, safari hii tunaomba wengine watangulie" ni jibu kamili, halidai maelezo.

Ila nikuulize: unajuaje kwamba familia zote hizo zimekaa sawa isipokuwa yenu? Katika familia ishirini za Dar es Salaam nitashangaa akikosekana mjane, au mama ambaye mume wake ni Mwislamu au Mlutheri na hatakuwepo, au bibi anayelea wajukuu peke yake, au wengine wenye cheti cha boma kama chenu. Hao nao usiku ule wataangalia mishumaa ya wenzao. Waandaaji huwa na nia njema, wengine hawajafikiria tu. Padre wa kambi akiambiwa mapema, kwa faragha, anaweza kuufanya usiku ule kuwa wa kuombea familia zote na kuzibariki, kisha wanaotaka kurudia ahadi wakafanya hivyo ndani yake. Anaweza pia asikubali. Lakini kumwambia padre si kuwatangazia watu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao walijua vilevile kwamba anayejifungua huangaliwa na mkunga, si na kijiji kizima.

Sasa mume wako. Simtetei kwa kuinuka, lakini hofu zake mbili si za ukaidi. Moja ina jibu. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1137, zinasema mtoto aliyezaliwa katika ndoa iliyofungwa kwa nia njema ni halali hata ndoa hiyo ikija kuonekana kwamba ilikuwa batili. Kijana wake hatageuzwa kuwa mtoto wa ndoa ya uongo na mahakama yoyote ya Kanisa. Huenda baba huyu hajawahi kuambiwa hivyo na mtu, amebeba mzigo huo peke yake miaka yote huku akilipa ada.

Hofu ya pili ni ngumu zaidi. Mahakama ya Kanisa haimtafuti mwenye kosa. Inauliza kama siku ile ya harusi palikuwa na ridhaa ya kweli, huru, ya watu wawili wanaojua wanachofanya. Shinikizo la familia kwa sababu ya mimba ni jambo linaloweza kuchunguzwa, ila peke yake halitoshi, na mtu asikuahidi jibu kabla. Ombi huandikwa, mashahidi husikilizwa, na yuko mtu maalumu mwenye kazi ya kuitetea ile ndoa ya kwanza. Yule mama ana haki ya kujulishwa na kusikilizwa. Akikataa kushiriki, shauri linaweza kuendelea bila yeye. Zamani zilihitajika hukumu mbili zinazokubaliana. Mwaka 2015 Papa Francisko aliondoa sharti hilo, akaweka pia njia fupi mbele ya askofu pale pande zote mbili zinapokubaliana na ushahidi uko wazi, akataka gharama zisiwe kikwazo kwa watu.

Katika barua yako yule mama hana sura, ni kidonda kisichotakiwa kuguswa. Lakini naye ana Jumapili zake. Huenda ana mume na watoto, na anakaa benchi wakati wa Komunyo kama wewe, akingoja mtu aanze. Huenda kweli hataki kukumbushwa. Kati yenu watatu hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Na mjiandae kwa jambo ambalo watu hawapendi kulitaja: mahakama inaweza kujibu kwamba ile ndoa ilikuwa halali. Mtaishije na jibu hilo? Wako wanaoogopa kuanza kwa sababu hiyo, nami siwezi kuwalaumu. Ni vizuri mlizungumze ninyi wawili kabla ya kubisha hodi kwa paroko, mjue mnakwenda kutafuta nini.

Kuna mstari mmoja umeuandika kwa kupita: karatasi za bomani alizishughulikia yeye. Sisemi haya kukutia shaka na mtu uliyeishi naye kwa amani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kikristo kuwa ya mke mmoja, na mtu aliye ndani yake hawezi kufunga nyingine hadi mahakama ya serikali itoe talaka. Kuachana mbele ya wazee, au kila mtu kwenda zake, si talaka. Kama alipata hati ya talaka, mwombe uione na mjue inakaa wapi, huenda hata mahakama ya Kanisa ikaihitaji. Kama hakuipata, basi cheti chenu kina tatizo litakalowaangukia wewe na watoto siku ya mirathi, na hilo linahitaji mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria mapema. Pengine kila kitu kiko sawa. Lakini ni haki yako kujua.

Nirudi kwenye kambi, maana najua bado unangoja.

Mkienda wote na kukaa benchi wakati wa Komunyo, kikanisa kidogo kitawaona siku ya kwanza. Wengine watazoea, mmoja anaweza kuuliza. Mapadre wengine huwakaribisha wasiopokea wapange mstari na mikono imepishanishwa kifuani wapate baraka. Mwulizeni wa kwenu kama hufanya hivyo. Ukienda na watoto peke yako, utakuwa na nafasi ya kupumua na kuzungumza na padre, lakini kiti cha baba yao nacho kitasema kitu, na yeye atabaki Dar akijiona ameachwa nje. Mkiwatuma watoto na jumuiya, watapata Irente na moto wa usiku, ila fikiria binti yako usiku wa mwisho, wenzake wamewakodolea macho wazazi wao. Kwa mama yako watakuwa salama na watalia kidogo. Mnaweza pia kwenda Lushoto ninyi wanne, wakati mwingine: zipo nyumba za wageni za masista zinazopokea familia bila ratiba ya mafungo. Watakachokosa ni marafiki zao, na kwa mtoto wa darasa la nne marafiki ndio safari yenyewe.

Ushauri wa dada yako ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Binti yako atajua kwamba huumwi. Atakusaidia kuficha, kwa upendo, bila kujua anaficha nini.

Watoto walio kwenye mafundisho husikia maneno mazito kuhusu dhambi na kustahili, halafu hujumlisha wenyewe. Yeye ameshaanza kujumlisha. Hahitaji habari za mke wa kwanza. Unaweza kumwambia, "Mimi na baba tulifunga ndoa bomani, hatujafunga kanisani, na Kanisa lina utaratibu kwa watu kama sisi. Yesu tunampenda, ndiyo maana tunakuja kila Jumapili. Ulifanya vizuri kuuliza." Kama atauliza zaidi, utajua kiasi cha kuongeza. Mhakikishie na hili: Komunyo yake haifungwi na ndoa yenu. Sheria ya Kanisa inamtazama mtoto mwenyewe, kama anaelewa anachopokea kwa kiasi cha umri wake na amejiandaa. Ukiombwa cheti cha ndoa ya wazazi kwenye mafundisho, nenda kwa paroko mapema, usimwachie mtoto abebe jibu.

Jambo moja hukuniambia: je, baba yake anajua kwamba aliuliza? Umemwendea mume wako na mahakama, na paroko, na mke wa kwanza, naye kila mara ameona kesi inamjia. Sijui angefanya nini ukimketisha, watoto wakiwa wamelala, ukamwambia tu kile mtoto alichosema mlipokuwa mnakunja nguo, na jinsi alivyoondoka. Anaweza kuinuka tena. Anaweza pia kukaa, maana safari hii hujamwambia afanye chochote, umemweleza habari za binti yake. Haya ya kijana wake na kanuni ya 1137 yanaweza kungoja mpaka aulize mwenyewe.

Mengine yote, twende au tusiende, tusimame au tukae, yataamuliwa vizuri zaidi na watu wawili kuliko na wewe na mimi. Mchango si lazima uwe mkononi siku ya mwisho wa mwezi. Mpigie mwenyekiti umwombe wiki moja, na akikuuliza sababu mwambie bado mnazungumza na baba watoto.